Dakika saba: kutoka Paris hadi Mabwerebwere

Najua nimepotea, wiki tatu nzima sijaandika kitu. Mara majaribio, mara bumu limechelewa, na mtu mwenye njaa haandiki, anahesabu siku tu. Leo umeme umekatika hosteli, nimekaa zangu kimbwetani, simu ina chaji nusu, nikasema ngoja niliandike hili jambo kabla halijanitoka kichwani.

Ni kuhusu zile hotuba za darasani. Wenzangu wa ualimu mnazijua. Kozi ya stadi za mawasiliano, kila mtu anasimama mbele dakika saba, anatoa hotuba ya kuelimisha. Siyo ya kushawishi, ile inakuja baadaye. Hii ni ya kuwapa watu maarifa basi: wameingia hawakijui kitu, watoke wanakijua. Maksi 15. Hotuba zenyewe ni mbili kwa kila mtu, inahesabiwa ile iliyo bora. Na mada unachagua mwenyewe. Sasa hapo kwenye "unachagua mwenyewe" ndipo darasa zima linapoumia.

Mie msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma mpaka chini aondoke nao. Wengi wetu tunachagua mada kubwa kwa sababu ya woga. Tunaona mada kubwa itatuficha. Ukisema "uchumi wa dunia" hakuna wa kukubana, maana wote hamjui. Ukisema "jinsi bibi anavyohifadhi mbegu za mahindi juu ya moshi" mtu anaweza kunyoosha mkono akauliza: moshi unafanya nini hasa? Na usipojua unaumbuka. Kwa hiyo tunakimbilia kwenye ukubwa. Nimekimbilia huko mwenyewe, ndiyo maana naandika.

Hotuba yangu ya kwanza ilikuwa juu ya mabadiliko ya tabianchi duniani. Duniani! Slaidi 22 kwa dakika saba, hebu piga hesabu, ni kama sekunde 19 kwa kila slaidi. Nilikuwa nimevaa shati la kuazima, nimenyoosha vizuri, nikaanza na hewa ukaa, nikaenda kwenye barafu ya kaskazini inayoyeyuka, nikaingia kwenye makubaliano ya Kyoto ya mwaka 1997. Mhadhiri akanyanyua karatasi ya dakika moja. Nilikuwa bado niko Kyoto. Nikakimbia fasta fasta mpaka Paris mwaka 2015, nikasema "kwa hiyo tutunze mazingira", nikakaa. Makofi yale ya kuoneana huruma mnayajua.

Kikaja kipindi cha maswali. Dada mmoja wa nyuma, mtu wa Mtwara, mpole kabisa, akauliza: "Samahani kaka, wewe si unatoka Kilosa? Yale mafuriko ya mto Mkondoa yalitokeaje?"

Jamani. Mafuriko yale ya mwisho wa 2009 kuingia Januari 2010, mto ulivunja tuta lake, maji yakaingia mjini Kilosa, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, reli ya kati ikakatika treni zikasimama kwa miezi. Nilikuwa mtoto, lakini nimekua nikisikia watu wazima wanahesabu umri wa watoto kwa mafuriko yale. "Huyu kazaliwa mwaka wa maji." Na mie nimesimama mbele ya watu najua mwaka wa Kyoto, sijui tuta la Mkondoa lilijengwa lini wala kwa nini lilishindwa. Nikajibu kitu, hata sikumbuki nini. Darasa likacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Nikapata 6 kati ya 15.

Usiku ule sikulala vizuri. Maksi tutazitafuta, zile hazikuniumiza sana. Kilichoniuma ni kwamba yule dada aliuliza swali ambalo lilikuwa ndiyo hotuba yenyewe. Mada nilikuwa nayo nyumbani, nikaenda kuazima ya jirani.

Na si mie peke yangu. Kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni kulikuwa na utandawazi mara tatu, ukimwi mara mbili, rushwa mara mbili, na akili mnemba mara nne. Hao wanne wa akili mnemba nahisi waliiuliza hiyo hiyo akili mnemba iwape mada, ikawapa jina lake! Hehehe. Sicheki sana lakini, maana tatizo la kuchukua mada namna hiyo ni kwamba inakuja na sentensi zake tayari. Unazikariri. Ukisahau moja, umepotea, huna pa kurudi, kwa sababu hakuna kitu nyuma ya ile sentensi ambacho uliwahi kukiona au kukishika.

Sasa niwaambie zile zilizokaa.

Jamaa mmoja wa Pemba alisimama na karafuu tano kiganjani. Akazipitisha mbele. Akasema kila mtu hapa amekula pilau, nani anajua hii ni sehemu gani ya mti? Mmoja akasema mbegu, mwingine akasema tunda. Akasema hapana, hili ni ua ambalo halijafunguka. Likifunguka umechelewa. Akaeleza wachumaji wanavyopanda mtini, wanavyochambua vikonyo, wanavyoanika juani kwenye majamvi siku kadhaa mpaka zigeuke rangi kuwa ya kahawia, na mvua ikinyesha hapo katikati familia nzima inavyokimbia kukusanya. Dakika saba zikaisha hakuna aliyeangalia simu. Hadi leo nikiona karafuu kwenye chai naona ua lililofumba.

Na yule dada wa Mtwara naye, siku yake ilipofika, alileta korosho ambayo haijabanguliwa. Alieleza kitu kimoja tu: kwa nini korosho haiuzwi na ganda lake dukani kama karanga. Kumbe kwenye ganda kuna mafuta makali yanayounguza ngozi. Akaonyesha jinsi wanavyoikaanga au kuipika kwa mvuke kwanza, halafu ndiyo inabanguliwa. Akasema mama yake ana alama vidoleni. Basi. Hakuzungumzia bei, hakuzungumzia stakabadhi ghalani, hakuilaumu serikali wala mnunuzi. Ganda tu. Nilipotoka pale nilijua zaidi kuhusu korosho kuliko miaka yote niliyowahi kuila.

Nikakaa nikafikiri, hizi mbili zimezidi zile za utandawazi kwa kitu gani? Si Kiingereza. Kiingereza cha jamaa wa Pemba kilikuwa kinasuasua kama changu. Naona ni mambo haya:

Kwanza, mada iligeuzwa ikawa swali moja lenye jibu. "Karafuu" siyo mada, ni neno. "Karafuu ni sehemu gani ya mti na inafikaje kwenye pilau" hiyo ni mada. Mkishindwa kuiandika mada yenu kama swali moja, ijueni bado haijawa mada.

Pili, inaenea kwenye dakika saba. Mtu anayeongea taratibu anatoa maneno kama 130 kwa dakika, kwa hiyo una maneno 900 hivi. Ni kurasa mbili na nusu za daftari. Historia ya dunia haiingii humo. Ganda la korosho linaingia na nafasi inabaki.

Tatu, msemaji aliwahi kukigusa. Vitabu vyetu vinagawa hotuba hizi mafungu: kitu, mchakato, tukio, dhana. Wengi wetu tunakimbilia dhana, na ndiyo ngumu kuliko zote. Anza na kitu au mchakato ulioushika kwa mkono wako. Na usiniambie wewe umezaliwa Sinza huna cha kijijini. Sijasema cha kijijini. Umepanda daladala miaka kumi, unajua konda anavyogonga bati mara ngapi kumaanisha nini? Waliotoka mikoani hawajui. Waelimishe.

Nne, wasikilizaji walikuwa karibu nayo lakini hawakuijua. Pilau kila mtu anakula. Mie kwa mfano kila mtu akisikia natoka Kilosa ananiambia "si ndo Mikumi kule, ongelea wanyama." Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ni kubwa, huwezi kuimaliza. Lakini kila aliyepanda basi la Iringa au Mbeya amepita katikati yake, kama kilomita 50 hivi, basi likapunguza mwendo, akaona kibao chenye orodha ya wanyama na faini ukimgonga mmoja. Faini hizo zinapangwaje? Hiyo ni hotuba. Nampa bure atakayeitaka.

Haya. Mpaka hapo ni rahisi, kila mtu atasema ndiyo ndiyo. Sasa inakuja sehemu iliyonipa taabu, maana nilipoamua hotuba ya pili niitoe nyumbani, kitu cha kwanza kilichonijia siyo karafuu.

Kwetu Mabwerebwere mama analima mahindi, na kiangazi anakuwa na bustani ya nyanya na mchicha bondeni. Mwaka niliokuwa kidato cha pili ng'ombe waliingia usiku. Asubuhi tulikuta miche imekanyagwa, imeliwa, matuta yamesawazishwa kama uwanja. Ile bustani ndiyo ilikuwa ada yangu. Mama hakulia, alikaa kwenye tuta akawa anachomoa miche iliyovunjika, mmoja mmoja, kama vile itasaidia kitu. Mimi nimebeba picha ile mpaka leo. Kwa hiyo nikasema mada ninayo: wakulima na wafugaji Kilosa. Nimeigusa, naijua, inaniuma. Itakaa.

Nikaanza kusoma. Mnajua wilaya yetu ina historia mbaya kwenye hili. Tarehe 8 Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni waliuawa watu 38, wakulima. Mie sikuwa nimezaliwa. Kuna watafiti, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, waliandika mwaka 2009 juu ya mauaji yale, wakasema usitazame ng'ombe na jembe peke yake, tazama jinsi wafugaji walivyosukumwa pembeni kwa miaka mingi na sera zinazopendelea kilimo, tazama na rushwa na utawala mbovu. Nilisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaona wanawatetea. Mara ya pili nikaona hawamtetei mtu, wanaeleza.

Nikaandika rasimu. Kitabu cha kozi kinasema fungua na takwimu ya kushtua ili uteke usikivu. Nikaandika sentensi ya kwanza: "Watu 38." Nikaiangalia. Halafu nikajiuliza, hivi kweli watu 38 wa Rudewa nawatumia kuteka usikivu ili nipate maksi 15? Nikaifuta. Siwezi kuwaeleza vizuri kwa nini, ila nilijisikia vibaya kama mtu aliyeshikwa anaiba.

Nikaendelea na zingine. Na kila sentensi niliyoandika, nikiisoma kwa sauti, ilikuwa na kidole ndani yake. "Wanaingiza mifugo." "Wanaharibu." "Hawajali." Hotuba ya kuelimisha gani hiyo? Ile ilikuwa kesi, na mimi ndiye mlalamikaji, shahidi na hakimu.

Darasani kwetu kuna jamaa Mparakuyo. Sisi tunamwita Morani, mwenyewe kakubali. Sikujua anatoka wapi, nilidhani Monduli kama kawaida yetu kudhani. Nikamfuata kantini nikamwambia kaka, nataka kuongelea wafugaji na wakulima wa Kilosa, naomba unisaidie upande wenu. Akanitazama. Akasema: "Yero, mie mwenyewe wa Kilosa." Wilaya moja! Tumekaa darasa moja semista nzima.

Nikamsimulia bustani ya mama. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu akaniambia mwaka ambao yeye alikuwa darasa la sita ng'ombe wao wawili walikatwa kwa panga miguuni, hawakufa mara moja, baba yake akalazimika kuwamalizia mwenyewe. Mmoja alikuwa ndiye wa ada yake. Akasema kwa lugha ile ile: "ndiyo alikuwa ada yangu."

Tukanyamaza. Chai ikapoa. Kwa kweli sikuwa na la kusema, na yeye hakuwa nalo. Baadaye nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza hivi, labda kutafuta tu neno la kusema: "Hivi ng'ombe mmoja anakunywa maji kiasi gani kwa siku?" Akacheka. Akasema, "Hilo hamjawahi kutuuliza."

Wadau, pale ndipo nilipopata mada.

Nikaacha kila kitu nikaandika swali moja juu ya karatasi: ng'ombe anakunywa lita ngapi, na bustani je? Ng'ombe wetu wa kienyeji kiangazi anahitaji kati ya lita 25 na 40 hivi kwa siku, inategemea ukubwa, joto na umbali aliotembea. Tuseme 30. Kundi la ng'ombe 100, ambalo kwa mfugaji si kubwa la kutisha, ni lita 3,000. Yaani madumu 150 ya lita 20. Kaya yetu Mabwerebwere tunatumia madumu matano kwa siku, na hapo mdogo wangu analalamika kichwa kinauma. Kwa hiyo kundi lile linakunywa kama kaya 30.

Hapo nilitaka kuishia. Lakini nikaona bado kidole kipo, nimehesabu vya mwenzangu tu. Nikampigia mama, nikamuuliza jioni ya kiangazi anamwagilia keni ngapi. Akasema sitini, keni ya lita kumi. Lita 600. Ni ng'ombe 20! Bustani ya mama, ile ndogo ya kwetu, inakunywa kama ng'ombe 20. Na wenye bustani bondeni ni wengi. Sijawahi kuifikiria bustani kama kitu kinachokunywa. Na bonde lenyewe ni lile lile. Masika kila mtu ana maji yake, hakuna anayemtafuta mwenzake. Kiangazi ng'ombe anateremka kwa kiu, jembe linateremka kwa kiu, wote wanafika pale pale mwezi ule ule.

Siku yenyewe nilisimama bila slaidi hata moja. Niliomba dumu moja la lita 20 kwa mama ntilie nikaliweka mezani, tupu. Nikasema hili na nusu yake ni ng'ombe mmoja, siku moja. Kiingereza kilikuwa kibovu kidogo, nakiri, maana mada ya kwenye intaneti inakuja na Kiingereza chake, ya nyumbani inabidi ukitafute mwenyewe neno kwa neno. "Kunyweshea" nilihangaika nayo siku mbili. Lakini sikusahau hata sehemu moja. Nilikuwa naona bonde.

Kwenye maswali Morani akanyoosha mkono. Moyo ukapiga. Akasema umekosea kitu: kiangazi kikali, malisho yakiwa mbali na maji, hatunyweshi kila siku. Siku moja malisho, siku ya pili maji. Ng'ombe wa kienyeji anavumilia, wa kisasa havumilii. Kwa hiyo siku ya maji wanakuja wote kwa pamoja na kiu ya siku mbili, na ndiyo maana mkulima anaona kama wamevamia. Darasa likageuka likawa linamuuliza yeye. Dakika kumi! Mhadhiri akaacha iende. Mie nimesimama tu pale na dumu langu, na niwaambie kweli, sijawahi kufurahi kukosolewa kama siku ile. Nikapata 12.

Sasa kuna washikaji walioniambia nimekimbia. "Umeongelea madumu, wakati watu wamekufa." Nimelifikiria sana, halipuuziki. Jibu langu ni hili. Kusema nani mkosaji ni kazi ya halali, na semista ijayo kwenye hotuba ya kushawishi huenda nikaifanya. Lakini darasa la watu 60 walionisikiliza, wengi hawakujua ng'ombe anakunywa nini. Huwezi kumwamulia mtu ugomvi ambao hajui unahusu nini. Angekubali au kukataa kwa kuangalia sura yangu na shuka la mwenzangu. Na pia, kile kidogo nilichokisema, Morani aliweza kukisahihisha. Ningesema nani mkosaji angenijibu nini? Tungerudi kantini kila mtu na ada yake.

Hili jambo la kuchukua kitu kidogo si langu, nchi hii iliwahi kulifanya. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya elimu ya watu wazima, "Mtu ni Afya". Waulizeni babu na bibi zenu. Watu kama milioni mbili walikaa vikundi vikundi na redio, wiki 12. Wangeweza kuongelea afya ya taifa kwa ujumla, si ndiyo mada kubwa? Waliongelea choo, mbu, maji ya kunywa, kichocho. Mtu akizima redio anajua cha kwenda kuchimba. Na kampeni mojawapo ya zilizotangulia, ya mpango wa pili wa maendeleo wa mwaka 1969, iliitwa "Kupanga ni Kuchagua", maneno ya Mwalimu Nyerere. Nadhani hata mada ni hivyo hivyo. Ukiichagua moja umeziacha elfu, na lazima ukubali kuziacha. Kinachotushinda ni kule kuacha.

Na sisi ni walimu jamani. Hii siyo ya maksi 15 tu. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, muhtasari umeandikwa "Maji" au "Mazingira", na mbele yako watoto themanini, nusu yao wametoka kunyweshea ng'ombe na nusu kumwagilia nyanya. Utachagua nini? Kila siku ya kazi yako utakuwa unachagua mada. Ukizoea hapa chuoni kujificha kwenye Kyoto, utawapeleka na wao Kyoto, na watarudi nyumbani hawajui bonde lao.

Jioni ile mama alipiga simu kujua imeendaje. Nikamwambia nimepata 12, akashukuru Mungu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo umewaambia kosa ni la nani?"

Nikasema, "Sijawaambia, mama."

"Sasa umewaambia nini dakika zote hizo?"

"Nimewaambia ng'ombe anakunywa kiasi gani."

Akanyamaza, nikajua nimemkera. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anapita anasalimia. Halafu akauliza, "Kiasi gani?"

Nikamweleza mpaka salio likakata.

Umeme umerudi, naingia ndani. Mwenye hotuba wiki ijayo aandike swali lake moja kwenye maoni hapo chini tulipunguze pamoja. Na wa akili mnemba mnisamehe.

Naomba kuwasilisha.